Barfi za Arusi ya Kamanda

Florentine alikuwa mtu wa hasira hata kabla vita havijampa sababu. Pale Mususa, mjini Butembo, majirani walisema ukitaka kujua kama yuko nyumbani usibishe hodi, tega sikio tu: kama hakuna anayegombezwa, basi ametoka. Aligombeza makaa yaliyolowa, aligombeza sukari iliyotiwa mchanga, aligombeza hata mvua. Lakini mikono yake ilikuwa na utulivu ambao mdomo wake haukuupata kamwe, na kwa mikono hiyo alipika tamutamu ambazo mjini kote, siku zile za vita, hakuna mwingine aliyezijua.

Ujuzi huo aliupata Beni akiwa msichana. Alifanya kazi nyumbani kwa Mama Shirini, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Mama Shirini alichemsha maziwa katika karai pana, akiyakoroga bila kusimama mpaka yawe donge zito kama udongo wa mfinyanzi. Donge hilo aliliita mawa. Alilitia sukari, iliki iliyotwangwa na zafarani kidogo, akalitandaza kwenye sinia na kulikata vipande vya mraba. Hiyo ndiyo barfi. Alimfundisha Florentine kwa kumpiga vidole na mwiko kila alipogeuza uso, maana maziwa, alisema, hayana subira na mtu anayeangalia dirishani.

Kisha ukaja mwaka ule serikali ilipowanyang'anya wageni maduka na kuwagawia wenyeji. Mama Shirini na mumewe waliondoka kwa njia ya Kasindi, mpakani, na masanduku matatu. Aliyepewa duka hakujua kutofautisha hariri na pamba. Aliuza kilichokuwemo, akauza rafu, akauza milango, na kabla ya mwaka kwisha mbuzi wa jirani walikuwa wakilala humo. Florentine, miaka kumi na saba, alipita pale kila siku akienda sokoni, na kila siku alifika sokoni akigombeza. Hakuwalilia Wahindi tu. Alichukia kuona kitu kilichojengwa miaka ishirini kikiliwa kwa miezi minane na mtu asiyejua hata ladha ya anachokula.

Aliolewa na mwalimu wa Butembo, akazaa watoto wanne, akafiwa na mume. Vita vilipokuja, barabara ya Goma ikawa ya kubahatisha, lakini Butembo ni Butembo: wafanyabiashara waliendelea kuruka kwenda Dubai, na bidhaa zao ziliendelea kuingia kwa Kasindi. Mmoja wao alionja barfi ya Florentine kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto wa jirani. Akasimama, akatafuna taratibu.

“Mama,” akasema, “hii kitu kule Dubai banaiweka ndani ya vioo, kama saa za dhahabu. Weye unaiweka ndani ya sahani ya plastiki.”

Neno hilo lilimfurahisha na kumchoma kwa pamoja. Sahani za plastiki ziliishia siku ile. Alinunua karatasi ngumu, akakata maboksi mwenyewe, akayavika karatasi ya rangi ya dhahabu, vipande kumi na viwili kila boksi, na juu ya kifuniko akaandika kwa mwandiko wake wa shule: Florentine, Mususa. Hakuuza kipande kimoja kimoja. Aliyebishania bei alionyeshwa mlango.

“Wakati ya vita, nani atakula bonbon ya bei?” majirani walimcheka.

“Vita iliwakataza kunywa bia?” aliwajibu. “Iliwakataza kuoa?”

Kweli haikuwa imewakataza. Watu walioa, walibatiza, walipokea wageni, na kadiri mambo yalivyozidi kuwa mabaya ndivyo walivyotaka meza zao zionekane za watu ambao hawajashindwa.

Viungo alivitafuta Beni, na huko ndiko alikokutana na Amina. Siku ya kwanza karibu wapigane. Florentine aliingia dukani, akachukua punje ya iliki, akaipasua kwa meno, akaitema.

“Hii ni ya mwaka gani? Imekufa.”

Amina, mdogo kwake kwa miaka kumi, hakukasirika. Aliinama chini ya meza akatoa mfuko mwingine. “Ile ni ya bantu hawajue. Hii ni ya bale banajua. Onja, yaya,” akasema, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa.

Mume wa Amina, Aruna, aliendesha lori la Kasindi, kwa hiyo iliki yake ilifika ikiwa bado kijani na yenye harufu ya kupasua pua. Tangu siku ile wakawa wawili. Florentine alipika Mususa. Amina alileta iliki, mdalasini na kungumanga, akauza maboksi Beni, kwenye arusi za mtaa wa Mulekera na sikukuu za Idi. Alijifunza kupika pia, akisimama kando ya karai, vidole vyake navyo vikipigwa mwiko.

Maziwa yalitoka mbali, Luofu, kusini mwa Lubero, kwa Mathe, mdogo wake Florentine, aliyekuwa na ng'ombe tisa. Maziwa mabichi yasingestahimili safari ile. Mathe na mchungaji wake, mzee Kahongya, walifundishwa kuyachemsha huko huko mpaka yawe mawa, wakayafunga kwa majani ya mgomba na kuyapandisha lori. Kahongya, aliyekunywa maziwa maisha yake yote bila kufikiri kwamba yanaweza kuwa kitu kingine, akatokea kuwa na mkono bora kuliko bwana wake. Florentine alinusa tu donge akajua ni la Kahongya.

Kwa miaka miwili kazi ilikwenda hivyo. Ikafika mahali arusi ya watu wa heshima bila boksi la dhahabu ilionekana kama imesahau kitu.

Mwezi wa nne, mwaka wa 2001, Mathe aliingia uani Mususa na viatu vilivyochanika. Alikuwa na donge moja tu mkononi. Aliliweka mezani kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto, ndipo akakaa.

“Ni ya mwisho,” akasema. “Basoda balipita.”

Wanajeshi hao walikuwa wakifuata adui, walisema. Adui hawakumkuta, wakakuta ng'ombe. Waliwachinja wote tisa kando ya barabara, wakachoma walichoweza kula, na kilichobaki wakakiachia inzi. Kahongya alishika kamba ya ng'ombe mmoja, jike aliyekuwa na mimba, akakataa kuachilia. Walimwambia mara mbili. Mara ya tatu hawakumwambia.

“Alikuwa na kamba mukononi mpaka tulimuzika,” Mathe akasema. “Ilibidi tuikate.”

Florentine hakulia. Alifungua majani, akanusa lile donge, akalifunga tena. Kwa wiki mbili hakupika kitu, na watoto wake walitembea ndani ya nyumba kwa ncha za vidole, maana mama yao alikuwa amenyamaza, na ukimya wake waliuogopa kuliko kelele.

Ndipo akaja Ézéchias. Alikuwa karani wa kamanda wa wanajeshi wale wale, kijana wa mjini, shati jeupe, kalamu mfukoni. Alizungumza kwa adabu.

“Mama Florentine, Komanda anaoa. Jumamosi hii inakuya. Anaomba maboksi makumi ine. Za maziwa. Na hatumi bure, atalipa dola, mbele ya kazi.”

“Anapenda za maziwa?”

“Anazipenda sana. Alizikula kwa ubatizo fulani, mpaka leo anazisema.”

“Basi umuambie maziwa yake iko ndani ya tumbo ya basoda bake. Balikula ngombe yenye kuitoa, kule Luofu. Na muntu mwenye kuipika balimuua. Aende abaulize.”

Ézéchias aliangalia mlango, kisha akaangalia chini. “Mama,” akasema kwa sauti ndogo, “nitamuambia unagonjwa. Malaria. Atatafuta mwingine.”

Alikuwa amemfungulia mlango, na Florentine aliuona. Angeweza kusema ndiyo, alale kitandani siku mbili na kitambaa kichwani, mambo yaishe. Lakini wazo la kujifanya mgonjwa kwa sababu ya mtu yule lilimjaza uchungu mkubwa zaidi kuliko woga.

“Sigonjwi. Sema vile nilisema. Neno kwa neno. Weye si karani? Andika.”

Wanajeshi walikuja kesho yake asubuhi, sita. Walipindua karai, walimwaga sukari na kuikanyaga, walipasua mifuko ya iliki mpaka harufu yake ikajaa barabara nzima na watu wakatoka nje kuangalia. Maboksi ya dhahabu yaliyokuwa tayari waliyapiga mateke kama mipira. Florentine aliwatukana kwa Kinande, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na alipomaliza lugha zote tatu wakampeleka kwenye kasho ya kambi, wakamtupa ndani pamoja na wanawake watatu waliokamatwa kwa kuuza makaa bila karatasi.

Alikaa humo siku tano. Sakafu ilikuwa ya saruji yenye maji. Alipigwa mara moja, siku ya kwanza, na hakuisimulia baadaye. Alichosimulia ni kingine. Alisema kwamba alikaa akihesabu nyumba za Butembo zilizokuwa zimekula mkono wake: nyumba za wenye makontena, nyumba za madaktari, nyumba ambazo wakubwa wa mji waliingia na kutoka. Alingoja mmoja wao aje getini aseme, huyu mama tunamjua. Alingoja siku ya kwanza, alingoja ya pili. Siku ya tatu aliacha kuwangojea, akaanza kuwachukia, kila mmoja kwa jina lake.

Jumapili asubuhi mlango ulifunguliwa. Ézéchias alikuwa nje, macho mekundu ya mtu aliyetoka kwenye sherehe.

“Uende kwako, Mama. Komanda anakushukuru. Alisema zile za jana zilikuwa nzuri kupita za zamani.”

Florentine alisimama pale na nguo yake yenye matope. “Zile za jana gani?”

“Makumi ine. Zilifika kwa lori toka Beni. Jina yako iko juu.”

Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kituoni, akapanda gari la kwanza la Beni jinsi alivyokuwa, akinuka kasho, na njia nzima hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu.

Amina alikuwa dukani. Alipomwona alitoka nyuma ya meza mikono wazi, kisha akauona uso wake, akaishusha mikono.

“Ni weye uliyepika,” Florentine akasema.

“Ni miye. Mathe alikuya hapa analia. Nilitumia maziwa ya unga, ya mikebe.”

“Na uliandika jina yangu.”

“Maboksi yako yalikuwa hapa, yenye jina. Na angekuachilia juu ya jina ya nani? Yangu haijue.”

“Muntu alikula jina yangu kwa arusi yake, Amina. Bantu yote ya Butembo balimuona anaikula. Sasa banasema Florentine alipigwa kidogo, akapika. Miye nililala ndani ya maji siku tano ili nisipike, na weye umepika.”

“Ili ubaki muzima.”

“Nani alikuomba?”

“Hakuna. Jina utaliosha, yaya. Maiti nayo inaoshwa, lakini haiamuke.”

“Na Kahongya? Unamuweka wapi Kahongya?”

Hapo Amina aliisukuma mizani kando. Kisha naye, mtu ambaye Florentine hakuwahi kumsikia akipandisha sauti, akaipandisha.

“Ile siku Ézéchias alikuya, ulifikiri juu ya Kahongya. Vizuri. Ulifikiri juu ya batoto bako? Bane. Mathe alibaleta huku kwangu, banalala na bangu. Kila asubuhi yule mudogo ananiuliza kama mama yake alikufa. Ungetaka nimujibu nini? Kwamba mama yako iko na haki?”

Ukweli ni kwamba Florentine hakuwa amewafikiria. Katika dakika ile pamoja na Ézéchias, watoto hawakumpitia akilini hata mara moja, na kuambiwa hivyo na mwanamke aliyekuwa amewalisha siku tano ilikuwa kama kupigwa kofi na mtu ambaye huwezi kumrudishia. Aliingia uani, akawachukua watoto wake, akaondoka bila kuaga.

Walikaa miezi saba bila kusemezana.

Florentine alijaribu peke yake. Bila maziwa ya Luofu na bila iliki ya Amina alipika ladu za karanga na ufuta kwa tangawizi ya shambani, na zilikuwa nzuri, lakini hakuziuza, kwa sababu hakutaka kuwauzia wale waliokuwa tayari kununua. Mke wa tajiri mmoja alikuja na gari lake mpaka mlangoni, akasema, “Mama Florentine, zile za arusi ya Komanda, nilikula tatu. Unifanyie kama zile.” Florentine alifunga mlango taratibu, na ile sauti ndogo ya kitasa mke wa tajiri huyo aliisimulia mwaka mzima. Watoto walikula maharagwe. Kisha wakala maharagwe nusu.

Ni Mathe aliyemwambia ukweli. Alikuja Mususa kutafuta kazi ya kubeba mizigo, kwani mwenye ng'ombe bila ng'ombe ni mtu wa kubeba mizigo.

“Ngombe ilikuwa yangu, yaya,” akasema. “Kahongya alikuwa muntu wangu, alinilea. Mimi sikukutuma ufungwe juu yao. Na Amina sikumutuma tu, nilimupigia magoti. Kama unataka kukasirikia muntu, niko hapa.”

“Nakukasirikia na weye,” Florentine akasema.

“Vizuri. Basi tuko bawili. Yule wa tatu umuache.”

Hakumwacha mara moja. Lakini mwisho wa mwaka kamanda alihamishwa, akaenda na wanajeshi wake, na wiki ileile Amina alishuka kwenye lori la mumewe mbele ya nyumba ya Mususa, mchana kweupe, na gunia la iliki begani. Alilitua uani. Hakukaa.

“Sikuje kuomba musamaha,” akasema. “Ile siku ikirudi, nitapika tena.”

“Na miye nitakataa tena.”

“Najua.”

Florentine alifungua gunia, akachukua punje moja, akaipasua kwa meno. Hakuitema. “Lakini jina yangu hutaiandika tena,” akasema. “Mwenye kupika aandike yake. Ukipika, ni Amina. Nikipika, ni Florentine. Tukiharibika, kila muntu aharibike na jina yake.”

Amina alikubali, na kuanzia hapo maboksi yakawa na majina mawili, kila moja na mwandiko wake. Wateja wa Beni walianza kubishana ni lipi bora. Amina alitia kungumanga zaidi. Florentine alipika mawa mpaka ikaribie kuungua, na wengine waliupenda ule uchungu kidogo. Mathe alinunua mtamba mmoja, kisha wa pili. Mjane wa Kahongya alikuja kukaa kwake na kuanza kuchemsha maziwa, na Florentine alimpelekea mshahara wake mwenyewe, si kwa mkono wa Mathe. Amani ilipotangazwa mwaka wa 2003 na njia zikafunguka kidogo, wale wawili walikuwa na jiko kubwa Mulekera na duka dogo lenye kabati la kioo.

Watu walitegemea kwamba mafanikio yangempoza. Hayakumpoza. Padri mmoja alimshauri amsamehe yule kamanda, akamjibu kwamba msamaha unaombwa, na yeye hajasikia mtu akiomba. Alipiga vidole vya wasichana aliowafundisha. Wale wa Butembo walionyamaza alipokuwa kasho aliwauzia hatimaye, kwa sababu Amina alimlazimisha, lakini hakuwatabasamia, na wao walinunua haraka na kwenda.

Mwaka ule ule Ézéchias aliingia dukani Mulekera. Alikuwa ameacha jeshi, amevaa kiraia, amenenepa kidogo. Alisimama kwenye foleni kama watu wengine.

“Unanikumbuka, Mama?”

“Nakukumbuka. Ulitaka kusema nilikuwa mugonjwa.”

“Mutoto wangu anapokea komunyo. Nataka maboksi mawili.”

Florentine aliyatoa mwenyewe, yale yenye mwandiko wake, akaanza kuyafunga kwa uzi. Ézéchias, akiona mambo yanakwenda vizuri, akaegemea meza.

“Komanda sasa iko Kinshasa, mukubwa sana. Tukiongea kwa telefone anaulizaka kama ungali unapika. Na kesho kutwa niko na safari kule. Ungeniongezea moja, nimupelekee.”

Mikono ya Florentine ilisimama. Amina, aliyekuwa mlangoni akipima kungumanga, aliinua uso, lakini safari hii alimwachia Florentine neno.

“Hizi mbili ni za mutoto wako,” Florentine akasema. “Zitoke hapa ziende kwa meza yake. Nikisikia hata kipande kimoja kilipanda ndege, usirudi tena hapa, weye wala mutoto wako wala mutoto wa mutoto wako.”

“Nimesikia, Mama.”

“Ulipe kwa Amina.”

Akamalizia kufunga fundo, akayasukuma maboksi juu ya meza, na kumwita mteja aliyekuwa nyuma yake.